Goti na Sindano: Akyupancha kwa Wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa viazi wa Umalila haihesabu safari yake kwa kilomita. Huihesabu kwa milima. Shamba liko ng'ambo ya korongo, maji yako bondeni, barabara ya gari iko juu, na kila gunia hupandishwa kwa miguu. Hali ni hiyo hiyo kwa mchuma chai wa Mufindi, na kwa mama anayepanda kutoka Ipogolo kwenda mjini Iringa akiwa na tenga la mboga kichwani. Katika nchi ya namna hii goti ndilo chombo cha kwanza cha kazi. Likigoma, mengi hugoma pamoja nalo: kilimo, ibada, choo cha kuchuchumaa, hata salamu. Mwanamke wa Kinyakyusa au wa Kihehe aliyelelewa kumpigia magoti mkubwa wake, siku anaposhindwa, hujihisi amepungukiwa adabu, ilhali kilichopungua ni gegedu.

Ndiyo maana swali hili husikika kliniki likiulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mgonjwa akiwa tayari ameshainuka kuondoka: "Daktari, nimesikia kuna sindano za Wachina zinazotibu magoti. Je, niende?" Anayeuliza si mtu wa kubezwa. Amekwisha kununua dawa za maumivu dukani kwa miezi au miaka. Pengine amechanjwa chale kuzunguka goti, au ameumikwa kwa pembe, na makovu yake yanaonekana. Amesikia habari za upasuaji wa kubadilisha goti unaofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya na takribani 500 kutoka Iringa, na nauli ndiyo gharama ndogo kuliko zote katika safari hiyo. Anastahili jibu kamili. Makala haya yanajaribu kulitoa.

Goti "lililosagika"

Ugonjwa wenyewe kitaalamu huitwa osteoathraitisi. Wagonjwa wetu husema goti limesagika, au ute umekwisha. Semi hizo mbili zina ukweli nusu, na ile nusu nyingine huleta madhara. Ni kweli kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, huchakaa na kupungua. Lakini mgonjwa anayelifikiria goti lake kama mashine ya kusaga mahindi huamini kwamba kila hatua anayopiga inasaga mfupa zaidi, basi huketi. Akiketi, msuli wa paja hudhoofika, na goti lisilo na msuli wa kulishika huuma zaidi.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa goti, ambao huingia na kutoka kadiri goti linavyoelemewa na kuachiwa, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiwa majini. Halina pia mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu hayatoki ndani ya gegedu lenyewe bali katika mfupa ulio chini yake, katika utando wa ndani wa goti na katika kano zinazolizunguka. Hilo linasaidia kueleza jambo linalowashangaza wengi: picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba. Yupo mtu ambaye picha yake inatisha naye anapanda mlima, na yupo mwingine ambaye picha yake ni ya kawaida naye halali usiku.

Wahudumu wa zahanati wasio na mashine ya eksirei wasijione wamefungwa mikono. Mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, ambaye goti humuuma analitumia, na ambaye ukakamavu wa asubuhi haupo au hauzidi dakika 30, anaweza kutambuliwa bila picha, mradi hakuna dalili nyingine ya kutia shaka. Umri, jinsia ya kike, uzito mkubwa, jeraha la zamani na kazi ya miaka mingi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo, vyote huongeza uwezekano. Hayo ndiyo maisha ya kawaida ya nusu ya akina mama wanaokaa kwenye benchi la kusubiri.

Sindano isiyo na dawa

Katika Kiswahili chetu kuchoma sindano ni kuingiza dawa mwilini, na hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanzia. Sindano ya akyupancha haina tundu wala haibebi dawa. Ni uzi wa chuma wenye unene wa takribani robo ya milimita, unaopenyezwa katika ngozi na misuli na kuachwa hapo kwa dakika 20 hadi 30. Kwa ugonjwa wa goti huwekwa kadhaa: katika vishimo viwili vilivyo pande zote mbili za ukano chini ya kilegesambwa, ambavyo Wachina huviita macho ya goti, na katika sehemu iitwayo Zusanli, upana wa vidole vinne chini ya goti kwa nje. Wakati mwingine sindano huunganishwa na umeme mdogo unaozitikisa. Tiba hii isichanganywe na sindano ya steroidi ambayo daktari huingiza ndani ya goti lenyewe. Hiyo ni dawa, na ina kanuni zake.

Tiba hii si ngeni kabisa nchini. Madaktari wa kwanza waliotumwa na serikali ya China waliwasili Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Tangu hapo mkoa wa Jiangsu umekuwa ukiwatuma Zanzibar, na mkoa wa Shandong ukiwatuma Bara, na akyupancha imekuwa mojawapo ya huduma walizokuja nazo. Ukanda wetu una kumbukumbu yake ya pekee. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikipita Makambako na Mbeya, na maelfu ya Wachina walifanya kazi bega kwa bega na vijana wa hapa. Vijana hao sasa ni wazee wenye magoti mabovu, na kwao Mchina na ufundi wake ni watu waliowahi kuwaona kwa macho. Imani hiyo ni sehemu ya habari hii, kama itakavyoonekana hapa chini.

Nadharia ya kale ya Kichina husema maumivu ya viungo hutokana na upepo, baridi na unyevu kuziba njia ambamo nguvu ya uhai hupita, nayo sindano huzibua. Msomaji asicheke haraka. Sisi wenyewe tunayaita magonjwa ya viungo baridi yabisi, na yabisi maana yake ni kavu: jina hilo ni mabaki ya utabibu wa kale wa Wayunani na Waarabu, uliogawa maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Mmoja analaumu baridi yenye maji, mwingine baridi iliyokauka, na mkazi wa Mufindi, mwezi wa Julai, yuko tayari kuzilaumu zote mbili. Njia hizo za nguvu ya uhai hazijapatikana katika mwili. Linalojulikana kwa uhakika zaidi ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili huitikia kwa kutoa kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu. Je, kiasi kinachotolewa kinatosha kumsaidia mgonjwa wa goti?

Sindano ya kweli na sindano bandia

Kupima jambo hilo kuna ugumu wake. Kidonge cha majaribio kinaweza kufananishwa na kidonge cha unga mtupu, lakini mtu hujua kama amechomwa. Watafiti wakabuni sindano bandia: ama sindano inayorudi ndani ya mpini wake kama kisu cha mchezo wa jukwaani, mgonjwa akihisi mguso lakini ngozi isitobolewe, au sindano halisi inayowekwa juujuu tu, mahali ambapo nadharia ya Kichina haipatambui.

Utafiti mmojawapo mkubwa ulifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2006, ukiwa na wagonjwa 1,007 wa goti. Kundi la kwanza lilipata akyupancha ya Kichina, la pili sindano bandia, la tatu lilimwona daktari mara kwa mara na kupewa dawa za kupunguza maumivu. Wote waliruhusiwa kupata fiziotherapia. Baada ya wiki 26, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 53 katika kundi la akyupancha, asilimia 51 katika kundi la sindano bandia, na asilimia 29 katika kundi la dawa.

Takwimu hizo zinafaa kusomwa mara mbili. Anayezisoma kwa haraka upande mmoja atasema sindano zimezishinda dawa. Anayezisoma kwa haraka upande wa pili atasema sindano hazina kitu, maana ya kweli na ya bandia zimelingana. Wote wawili wameona nusu. Wagonjwa waliochomwa, mahali sahihi au mahali pasipo sahihi, walipata nafuu kuliko waliomeza dawa. Lakini nafuu hiyo haikutoka katika macho ya goti wala katika Zusanli. Ilitoka katika jambo ambalo makundi yote mawili yalilipata: kulazwa kitandani kwa utulivu, kuguswa, kusikilizwa na mtu asiye na haraka, na kutarajia kupona.

Tafiti zilizofuata hazikubadilisha sana picha hiyo. Uingereza, mwaka 2007, wagonjwa 352 waliokuwa wakifanya mazoezi chini ya fiziotherapia waligawanywa, baadhi wakaongezewa akyupancha. Baada ya miezi 6 sindano hazikuwa zimeongeza nafuu ya maumivu juu ya ile ya mazoezi. Australia, mwaka 2014, utafiti wa watu 282 wenye umri wa miaka 50 na zaidi haukuona akyupancha ikiishinda ya bandia. China, mwaka 2021, watafiti wa Beijing walijaribu kiwango kikubwa zaidi, vikao 3 kwa wiki kwa wiki 8, kwa wagonjwa 480. Hapo tofauti ilionekana: waliopata nafuu walikuwa asilimia 60 kwa sindano za umeme, asilimia 59 kwa sindano za mkono, na asilimia 47 kwa za bandia. Kwa sindano za umeme tofauti hiyo ilivuka kipimo cha kitakwimu. Kwa za mkono ilikiachia kwa unywele.

Haishangazi basi kwamba waamuzi wametoa hukumu mbili. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo cha Marekani, katika mwongozo uliochapishwa mwaka 2020, kinaipendekeza akyupancha kwa masharti. Taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2022 iliwaagiza watoa huduma wasiitoe kwa ugonjwa huu. Wamesoma tafiti zile zile. Mmoja ameuliza kama mgonjwa anapata nafuu. Mwingine ameuliza kama sindano ndiyo inayoleta nafuu, na kama fedha za umma ziilipie.

Msimamo wa mwandishi wa makala haya ni huu. Akyupancha inaweza kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa muda, na kwa kiasi kidogo. Haioteshi gegedu, hairudishi ute, wala hainyooshi mguu uliopinda. Anayeahidi hayo anauza asichokuwa nacho. Mgonjwa mwenye uwezo wa kulipa, asiyeweza kutumia dawa za maumivu kwa sababu ya vidonda vya tumbo, figo au shinikizo la damu, hakosei akijaribu, na kwake jaribio hilo linaweza kuwa salama kuliko kuendelea kumeza diklofenaki kila siku. Mgonjwa atakayeuza mbuzi au kukosa msimu wa kupanda ili amalize vikao 24 aambiwe wazi kwamba hapotezi tiba kubwa akibaki nyumbani. Kuna tiba yenye ushahidi imara kuliko hii, nayo haina nauli.

Kwa sisi watoa huduma, utafiti wa Ujerumani unauma zaidi ya sindano. Ni mara ngapi mgonjwa wa goti ametoka chumbani kwetu baada ya dakika tatu, akiwa na karatasi ya dawa, bila mtu hata mmoja kuligusa goti lake?

Usalama ni jambo la kwanza

Iko sababu ya pekee ya kulitilia mkazo suala hili katika mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba, kitaifa, asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Iringa kiwango ni asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6, na kwa jirani zetu wa Njombe asilimia 12.7. Kirusi cha homa ya ini B ni sugu zaidi ya hicho: huweza kubaki hai juu ya kifaa kikavu kwa siku 7. Sindano nyembamba isiyo na tundu hubeba damu kidogo, lakini kidogo si sifuri.

Kwa hiyo mgonjwa asione haya kuomba aonyeshwe pakiti ikifunguliwa mbele yake, na sindano ikitumbukizwa katika kisanduku cha usalama baada ya kutolewa. Sindano iliyolowekwa katika spiriti na kurudishwa kazini ni sababu ya kuvaa viatu na kuondoka. Kanuni hiyo hiyo ni ya wembe wa chale, ambao mara nyingi hupita kwa mgonjwa zaidi ya mmoja. Mhudumu anayeona chale mpya gotini aulize juu ya wembe kwa upole. Akikaripia, safari ijayo atafichwa.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili watoa tiba wa fani hizi pamoja na vituo vyao. Cheti cha usajili kinapaswa kuwepo, na kukiulizia si utovu wa heshima. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye betri ya moyo, mwenye goti la bandia, au mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, azungumze na daktari kabla ya kuchomwa.

Tena yapo magoti ambayo hayapaswi kukaribiwa na sindano hizi hata kidogo. Goti lililovimba ghafla, la moto na jekundu, lenye homa, ni dharura ya siku hiyo hiyo: usaha ukiwa ndani, kiungo huharibika kwa siku chache. Goti linalovimba polepole kwa wiki nyingi huku mgonjwa akikonda na kutoka jasho usiku huenda ni kifua kikuu cha kiungo, na katika mikoa yenye virusi vya UKIMWI kwa kiwango kile kilichotajwa, kulisahau hilo ni kosa kubwa. Goti la kijana lisiitwe la uzee. Vikao kumi vya sindano juu ya goti la namna hiyo havimdhuru mgonjwa kwa sindano zenyewe. Humdhuru kwa wiki alizopoteza.

Tiba isiyo na nauli

Miongozo ile iliyotofautiana juu ya sindano inakubaliana juu ya mazoezi. Zoezi la kwanza halihitaji chochote ila kiti kisicho na magurudumu, na kiti cha kanisani kinatosha: kaa, kunja mikono kifuani, simama, keti polepole, rudia mara nane hadi kumi, pumzika, fanya tena. La pili hufanywa umelala chali juu ya mkeka: goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooshwa na kuinuliwa kiasi cha shubiri, ushikilie kwa hesabu ya tano, ushushe. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha kuanzia. Wiki mbili za mwanzo goti huweza kulalamika kidogo. Maumivu yanayotulia kabla ya kesho yake asubuhi hayana ubaya. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu walizoea kidonge kinachojibu ndani ya saa moja.

Mwenye uzito mkubwa apunguze: kila kilo inayotoka mwilini hupunguza kama kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Lakini ushauri huo usitolewe kama wimbo. Wakulima wengi wa milimani ni wembamba, na kumwambia mama wa kilo 48 apungue ni kumwonyesha kwamba hukumtazama. Huyo ashauriwe kugawa gunia katika safari mbili, kuinua jiko lake kwa matofali mawili matatu ili aache kukaa juu ya kigoda kifupi, na kushika fimbo kwa mkono wa upande usiouma. Wengi huishika upande wa goti bovu, na fimbo ikawa mapambo.

Mgonjwa akiamua kuzijaribu sindano, azijaribu akiwa na mazoezi, na apime mwenyewe. Kabla ya kikao cha kwanza ahesabu ni mara ngapi anaweza kusimama na kuketi kitini kwa sekunde 30 bila kujisaidia kwa mikono, mjukuu mwenye simu akitazama saa. Aandike hesabu hiyo katika jalada la nyuma la daftari lake la matibabu, pamoja na tarehe, na jambo moja linalomshinda kwa sababu ya goti: kushuka mtoni, kupiga magoti, kulala usiku kucha. Baada ya vikao sita hadi nane ahesabu tena. Ikiwa namba haijapanda na jambo lile bado linamshinda, fedha iliyobaki aibakize mfukoni, aendelee na kiti, na daftari alilete kliniki ili tulitazame pamoja.